Poda Nilimwagia Mutoto wa Wenyewe

Bandugu, leo nimepata haya mpaka sijui kesho nitapitia njia gani. Nawaeleza mwenyewe, kabla wengine hawajawaeleza na chumvi juu.

Munajua mimi nachimba zahabu kule Lusangi. Nilitoka hapa Kasongo Noeli ya mwaka juzi, na sikurudi mpaka leo. (Najua. Musianze.) Binti yangu Sifa iko darasa la tano. Mwaka jana, siku ya kusomewa matokeo, mujomba wake ndiye alimumwagia poda kichwani kumupongeza, vile wazazi wengine wanafanyia watoto wao. Mimi nilikuwa ndani ya shimo. Safari hii Sifa akaniambia kwa telefone: "Papa, uje wewe mwenyewe. Kama hauji, sitaki poda ya mutu." Nikaapa.

Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi. Pneu ya gurudumu ikapasuka mara mbili, tukalala njiani. Asubuhi sikupita hata nyumbani. Nikaenda masomoni moja kwa moja, vumbi mpaka kwenye nyusi, bwate ya poda mukononi. Ule mukebe mukubwa kabisa.

Wazazi wamejaa. Direktere, mukubwa wa shule, iko anaita watano wa kwanza wa darasa la tano wasimame mbele. Nikasikia jina la Sifa: wa tatu! Mutoto wangu! Nikaanza kusukuma watu. Mbele kulikuwa binti mumoja murefu amesimama kwenye njia, nikamwambia, "Pisha kidogo, mama." Akapisha. Nyuma yake nikaona Sifa wangu, mudogo vile vile, nywele zimesukwa, inifome safi ya shule.

Nikamwaga bwate nzima. Nikamubeba kwenye mabega, nikacheza. Wamama wakapiga vigelegele, halafu vigelegele vikakatika. Sikuelewa. Mutoto akaanza kulia. Nikamwambia asilie, Papa amefika.

"Papa wangu iko pale," akasema.

Nikageuka. Mwanaume mumoja amesimama, suti yake nzuri, bwate yake ya poda haijafunguliwa. Ananiangalia vile unaangalia mutu amekaa kwenye sahani yako. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Papa, samahani, wewe ni nani kwetu?"

Nikamwambia mimi ni baba ya Sifa. Akaangalia mutoto wake juu ya mabega yangu, akaniangalia mimi. Sisi wote wawili hatukuelewa. (Mujomba ya Sifa alikuwa pale nyuma, ameshika tumbo kwa kucheka. Huyo tutaonana.)

Ule binti murefu niliambia apishe akanikaribia. Sketi yake imemupita magoti. Macho yake ni ya mama yangu muzazi.

"Papa, ni mimi," akasema. "Ule ni vile nilikuwa wakati uliondoka."

Nikashusha mutoto wa wenyewe polepole. Sauti yake kwenye telefone ilikuwa ile ile, nani angenieleza miguu imerefuka? Nikatikisa bwate. Tupu! Mwaka mumoja na nusu nimengojea siku hii, na poda yote iko kwenye kichwa cha mutoto sijui hata jina lake.

Ule mwanaume akaangalia binti yake, mweupe mpaka viatu. Akaangalia bwate yake. Akanipa. "Wangu umekwisha kumumaliza," akasema. "Fanyia wako."

Nikafungua. Sifa akasogea.

"Taratibu, Papa," akasema. "Na uangalie sura kwanza."

Nikaangalia sana. Nikamwaga. Nikajaribu kumubeba kwenye mabega, mugongo ukakataa, tukacheza chini tu. Alicheka mpaka poda ikamuingia kinywani.

Sasa hivi nimetoka kumusimamisha kwenye mulango, nimepiga alama na kisu juu ya kichwa chake. Anafika kwenye kifua changu. Nilimuacha anafika kwenye mukanda wangu.

Munaweza kucheka. Lakini kwanza kila mutu aende kupima mutoto wake.