Kitanda Kilichoinama kwa Ushauri wa Daktari

Kwa Daktari wa Zahanati ya Mtaa,

Pokea salamu, ingawa sina hakika kama unazistahili. Mimi ni yule seremala mwenye kitambi uliyemtibu kiungulia. Nilikuja kwako kifua kikiwaka, maji machungu yakinipanda kooni kila nikilala. Niliondoka na dawa kidogo na ushauri mwingi. Naandika kwa heshima zote kukulalamikia, maana ushauri huo umenivunjia nyumba.

1. Ulisema mkanda wangu unakaba tumbo na kusukuma tindikali juu, niulegeze. Nikaulegeza. Suruali ilinishuka nikiwa juu ya ngazi, nimeshika boriti kwa mikono miwili, mwenye nyumba na wakwe zake wakinitazama. Katika masomo yako yote hayo hukuambiwa kwamba kuna watu wanaofanya kazi mikono ikiwa juu?

2. Ulisema nile kidogo kidogo, nipunguze pilipili, mafuta na kahawa. Ujumbe huo niliufikisha mezani, mbele ya mama mkwe: kwamba daktari amethibitisha mapishi ya mke wangu ndiyo yanayoniunguza. Najua hukusema hivyo neno kwa neno, lakini mtu mzima haambiwi yote, mengine hujazia mwenyewe. Mama mkwe aliweka kijiko chini, na hajala kwangu tena.

3. Ulisema nisilale mpaka chakula kishuke. Basi kila nikila natembea sebuleni, nagonga makabati na kukagua bawaba ili nisisinzie. Wanangu sasa wananiita Mlinzi, na hawaniiti kwa kunong'ona.

4. Hili ndilo kubwa. Ulisema kitanda kiinuliwe upande wa kichwani, niweke vipande vya mbao chini ya miguu yake, kwa kuwa kurundika mito hakusaidii. Daktari, seremala anayejiheshimu hawekei kitanda viraka kama meza ya kibanda. Nilichukua msumeno nikakata miguu ya upande wa pili. Na kwa kuwa kiungulia changu kilikuwa kikubwa, nikazidisha kipimo. Mke wangu akawa analala vizuri na kuamka amejikunja huko chini kwenye ubao wa miguuni, mimi nimemporomokea juu yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; kwangu mvungu wenyewe ndio ulioinama. Alivumilia, kisha akasema, "Mimi si gogo la kuteremshwa mlimani," akabeba mabegi yake, akaenda kwa dada yake.

Kwa hiyo nataka uende huko kwa shemeji ukiwa na koti lako jeupe, umwombe mke wangu radhi, umweleze kuwa pilipili haina kosa, kitanda hakina kosa, na mumewe hana kosa hata chembe. Mabegi utayabeba wewe.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule aliyecheka akinipima uzito. Wasalimie na wagonjwa walioko kwenye benchi, uwashauri warudi makwao wangali na ndoa.

Ni mimi niliyeunguzwa na tiba,
Seremala

N.B. Tangu aondoke nakula uji wangu mwenyewe, na siumalizi. Kiungulia kimekwisha kabisa. Ulikuwa sahihi, na inaniuma kuandika hivyo. Miguu mipya ya kitanda nimeshaichonga. Ukifika kwa shemeji, hayo ya kosa la nani yaache. Mwambie tu arudi, hata kama kiungulia kitarudi naye.