Mfereji wa Mama Munyiva Wapitishwa na Umma

Ninayo heshima kuwatangazia wakazi wote wa Machakos, pamoja na wapita njia wanaoelekea Konza, kwamba utunzi wa hadithi sasa una ofisi. Inaitwa Kurugenzi ya Uratibu wa Ubunifu. Iko orofa ya pili, mlango unaofuata choo kilichofungwa. Hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tatu na nusu, ili maofisa wapate nafasi ya kwenda mikutanoni.

Mimi ndiye katibu wake. Naitwa Ndeti. Nilistaafu baada ya miaka thelathini na minne katika masjala, ambako niliandika kumbukumbu za mikutano mingi sana, ikiwemo michache iliyofanyika. Nilirudishwa kazini kwa mkataba kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna mtu upande huu wa Mto Athi anayeandika haraka kama mimi. Niliwahi kumaliza kumbukumbu za mkutano kabla mwenyekiti hajafika. Pili, tayari nilikuwa mwanachama wa kundi lililohitaji kuratibiwa.

Kundi lenyewe ni darasa la uandishi. Hukutana kila Jumamosi nyuma ya kanisa, katika chumba kinachohifadhi sufuria za harusi. Mwalimu wetu ni Loise Mbithe, aliyefundisha shule za upili mpaka akachoka na watoto, akaja kwetu wazee ili achoke vizuri zaidi. Yuko Mukai, anayefanya kazi katika kiwanda cha saruji na kuandika hadithi za mapenzi kwa simu akiwa zamu. Yuko Mama Munyiva, mkulima wa nyanya kutoka Kwa Kasyoka, kule karibu na Katelembo, ambaye alijifunza kusoma kwenye ngumbaru akiwa na miaka hamsini na tisa. Na niko mimi, ninayeandika hadithi za majasusi. Majasusi wangu wote wametoka masjala.

Mwalimu Loise ana kanuni tatu. Kitu ukikitaja mwanzoni, kitumie mwishoni. Mwonyeshe msomaji mambo kinaganaga: lini, wapi, kipimo gani. Na andika unachokijua. Kurugenzi ilipozichunguza kanuni hizo iliona ni chache mno, ikaongeza arobaini na moja.

Sitazitaja zote. Inatosha kusema kwamba kila mhusika sasa lazima awe na barua ya chifu inayothibitisha ni mkazi. Mvua ikinyesha ndani ya hadithi, mwandishi aonyeshe kibali. Mukai alikuwa na mpenzi wa kutunga kutoka Kitui. Aliombwa amhamishie Kithimani ili mapenzi yabaki ndani ya kaunti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeua majasusi watatu, nikaagizwa niwafufue wawili mpaka fomu za mazishi zitakapoletwa. Nilitii. Mmoja wao hadi leo anatembea ukurasa wa tisa bila kazi.

Aliyetunga kanuni hizo ni Mkurugenzi wetu, Bwana Aloys Kiema. Ni mtu nadhifu. Hata kiangazi kinapokausha kila mtungi mjini, gari lake hung'aa kila asubuhi, jambo linalotupa moyo sisi wananchi.

Basi ilikaribia Siku ya Kusoma, ambapo kila mwanachama angesimama kanisani na kusoma kazi yake mbele ya jamaa na majirani. Mama Munyiva alikuwa amehangaika na hadithi yake miezi minane. Majirani zake wa Kwa Kasyoka walikuwa wameahidi kuja wote, kwa sababu ilikuwa hadithi yao. Lakini bila muhuri wa Kurugenzi haisomwi, na darasa likiruhusu isomwe, linanyang'anywa chumba. Akaitwa ofisini. Mimi nikakaa pembeni na kalamu.

"Mama," akasema Mkurugenzi, "kazi yako ni nzuri. Mbuzi wako wako sawa. Shida ni hii mfereji. Ofisa anakata utepe, anafungua, halafu unasema eti mfereji ulikohoa."

"Ulikohoa, bwana mkubwa. Nilikuwa hapo."

"Mfereji wa serikali haukohoi."

"Huo ulikohoa mara tatu. Mara ya tatu ukatoa buibui."

Mkurugenzi akanigeukia. "Karani, andika: buibui ameondolewa."

Nikaandika.

"Sasa, mama, si ungesema tu maji yalitoka?"

"Hayakutoka. Ni mwaka wa sita sasa. Tunateka mtoni na punda, na punda mwenyewe amezeeka."

"Lakini hii ni kutunga! Si ndiyo mnafunzwa huko? Tunga!"

Mama Munyiva akakunja karatasi zake polepole. "Mimi nikisema nitunge uongo, nitatunga wa maana. Nitasema niko na ndege. Siwezi kumaliza uongo wangu wote kwa maji ya mfereji."

Mkurugenzi hakukasirika. Yeye ni mtu wa demokrasia. Akaamua kwamba, kwa kuwa mwandishi na Kurugenzi wameshindwa kukubaliana, mwisho wa hadithi upelekwe kwenye ushirikishwaji wa umma. Wananchi waketi chini ya hema, wapewe soda na nusu mkate, watie sahihi kwenye orodha, kisha waseme wenyewe wanataka mwisho gani. Akaniambia faraghani kwamba tayari alikuwa ametafuta lori la wananchi kutoka mjini, watu wazoefu, wanaojua wanachotaka wakishaambiwa.

Kukatokea tatizo dogo. Wakubwa wa juu wangeuliza kwa nini hema la umma limesimamishwa kwa ajili ya hadithi. Mkurugenzi akatoa waraka siku hiyohiyo. Nilinakili kwa mkono wangu: "Kurugenzi hii haishughuliki na hadithi. Kuanzia leo neno hilo lisionekane katika barua, ilani wala kumbukumbu yoyote. Kinachoshughulikiwa ni miradi." Ukapigwa mihuri miwili, wa pili ukiwa wa kuthibitisha wa kwanza.

Mkutano ulifanyika Kwa Kasyoka, hatua chache kutoka kwenye mfereji wenyewe. Lori lilifika mapema. Wenyeji nao walikuja, wakakaa upande wa pili, na Mwalimu Loise na Mukai wakakaa kati yao kama wananchi wa kawaida.

Mkurugenzi akasimama. "Ndugu wananchi, swali ni moja tu. Mwisho wake, maji yatoke au yasitoke?"

"Yatoke!" lori likaunguruma.

"Yatoke!" wenyeji nao wakajibu, tena kwa sauti kubwa kuliko lori. Hili halikutarajiwa. Watu wa lori wakatazamana, wakaona kama kazi yao inachukuliwa.

Mama Munyiva peke yake alikuwa akitikisa kichwa. Mwalimu Loise akamwinamia. "Mwaitu, mama yangu, usijali. Ngoja kwanza."

Kisha Mwalimu akainua mkono. "Mheshimiwa Mkurugenzi, tumeshukuru. Lakini 'maji yatatoka' ni maneno matupu. Msomaji hatayaona. Yatatoka lini?"

Mkurugenzi akatabasamu. Alikuwa amekaa darasani kwetu Jumamosi moja kutukagua, na kanuni ya kinaganaga ilikuwa imemwingia. "Jumatano," akasema. "Jumatano ijayo. Saa nne asubuhi."

"Ai, hiyo ni poa," akasema Mukai. "Na saa nne jua linakuwaje?"

"Jua limeanza kuwa kali. Kina mama wamepanga mitungi. Mitungi ya manjano."

"Mingapi?"

"Sitini!" Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. Nimeona watu wakipata pepo la utunzi, nami nawaambia huanzia kwenye namba. "Na ofisa mwenyewe anakuja kwa miguu. Amevaa kofia."

"Maji yanatoka kila siku ama ni ya hiyo siku ya kofia tu?" akauliza mzee mmoja wa hapo.

"Kila siku! Saa kumi kwa siku. Mpaka ng'ombe wanywe."

Watu wakapiga makofi, na lori likapiga ya kwake. Mimi niliandika kila neno.

"Ni vizuri sana," akasema Mwalimu Loise. "Hapo pamebaki mahali pamoja tu ambapo msomaji atakwama. Miaka sita mfereji ni mkavu, halafu ghafla maji. Yametoka wapi? Hapo hadithi nyingi huanguka."

"Haianguki!" Mkurugenzi alikuwa amevua koti. "Tangi liko pale juu ya kilima, limejaa. Bomba linashuka mpaka hapo barabarani pa kuoshea magari, pale kwa shemeji yangu. Nyuma ya lango, ukiinua mfuniko wa bati wenye kutu, kuna valvu nyekundu. Sasa wengi wangeizungusha kulia wakifikiri wanafunga. Hapana! Iliwekwa kichwa chini. Ukizungusha kulia, ndiyo inafungua. Mara nne na nusu. Mara ya tatu inakwama kidogo, unaisukuma na goti."

Akajiziba mdomo kwa mkono. Mtu mmoja wa lori alikuwa ameanza kupiga makofi akaacha katikati, viganja vikiwa hewani.

Mama Munyiva akasimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anatabasamu.

"Nilikuwa napinga," akasema. "Lakini sasa nakubali huu mwisho, vile umesemwa, bila kupunguza. Mwalimu hutuambia tuandike tunachokijua. Huyu anakijua mpaka na goti."

Pendekezo likapita bila kupingwa. Nikamsomea Mkurugenzi kumbukumbu akiwa anafungua soda, naye akatia sahihi bila kusikiliza, kama ulivyo utaratibu. Kwa kuzingatia waraka wake, neno lililokatazwa halikuonekana popote. Kumbukumbu zilisema hivi: "Imeazimiwa kwamba Jumatano saa nne asubuhi Mkurugenzi atafika kwa miguu, akiwa na kofia, na kufungua valvu nyekundu kuelekea kulia mara nne na nusu, ili mradi wa mfereji wa Kwa Kasyoka utoe maji kwa muda wa saa kumi kila siku." Nikabandika nakala kwa chifu, nyingine kanisani, na nyingine nikaipeleka kwa waziri wa kaunti pamoja na mwaliko wa kuwa mgeni wa heshima. Hakuna aliyeniagiza nifanye hivyo. Lakini katibu asiyesambaza kumbukumbu ni wa nini?

Jumatano saa nne kulikuwa na mitungi mia moja na arobaini. Mkurugenzi alifika kwa gari, akaliacha pale pa kuoshea magari lipakwe sabuni, kisha akatujia mbio.

"Mzee Ndeti, waambie hawa watu! Ile ilikuwa hadithi!"

"Mheshimiwa," nikasema, "hilo neno." Nikamwonyesha waraka. Ulikuwa na mihuri miwili.

"Wewe si unajua tulikuwa tunatunga?"

"Najua tulikuwa na mradi, bosi."

Wakati huo gari la waziri lilikuwa linaegeshwa. Waziri akashuka, akaupungia umati mkono, akamshika Mkurugenzi mkono mbele ya simu zote zilizoinuliwa. "Hongera sana, Aloys. Ofisa anayetaja mpaka saa! Iko wapi hiyo valvu?"

"Sina hakika, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi.

"Ni nyuma ya lango!" umati ukamsaidia. "Chini ya bati!"

Mama Munyiva akavua kofia yake ya shamba, akamvalisha. Mkurugenzi akatembea kwa miguu, umati nyuma yake, akainua bati, akazungusha kulia. Mara ya tatu ikakwama. Hakuuliza mtu. Alisukuma na goti.

Mfereji ukakohoa. Ukakohoa tena. Kisha maji yakatoka, mekundu kwanza, halafu meupe, na kina mama wakapiga vigelegele mpaka punda mzee wa Mama Munyiva akaketi chini, kama mtu aliyepokea barua yake ya kustaafu. Upande wa pili wa lango mpira wa kuoshea magari ulilegea mikononi mwa mwoshaji. Gari la Mkurugenzi lilibaki na povu kutoka paa hadi magurudumu. Waziri alilitazama povu, akaitazama valvu, akalitazama goti la Mkurugenzi lililokuwa na kutu, kisha akamwomba wazungumze kidogo pembeni.

Siku ya Kusoma ilifika wiki iliyofuata. Kanisa lilijaa. Mama Munyiva alisoma hadithi yake yote, wala hakuna aliyeuliza muhuri, na mwisho wake mfereji ukabaki mkavu vilevile kama alivyouandika mwanzo. Mwalimu Loise ndiye aliyemshauri. Alikuwa ameupima ule mwisho mwingine, wa ofisa kufungua valvu kwa mkono wake mwenyewe, akauandikia kwa kalamu nyekundu: "Hauaminiki."

Tulipokuwa tunakunywa chai katikati ya sufuria za harusi, Mkurugenzi akaingia. Alikuwa amekuja kwa miguu. Ofisini kwake kulikuwa kumetumwa watu wa kumuuliza maswali ya kinaganaga, na alihitaji kitu cha kuwaonyesha.

"Mama Munyiva," akasema kwa upole, "tafadhali niweke kwa hiyo hadithi yako. Pale mwisho. Maji yakitoka. Si yametoka kweli?"

Mama Munyiva akaweka kikombe chini, akanyoosha leso, akafikiri kama ofisi inavyofikiri.

"Fomu ni nakala tatu," akasema. "Na barua ya chifu kuonyesha wewe ni mkazi wa hii hadithi. Tunafungua Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu mpaka saa tatu na nusu." Akanigeukia. "Na wewe, karani, andika: buibui amerudishwa."

Nikaandika.