Bikira Maria wa Roma Aingia Njombe

Tarsis alikuwa na ulimi wa kumuuzia mkulima wa Kikinga viazi vya shambani kwake mwenyewe. Siku alipopita kwenye karakana ya Alois pale Makambako, akawaona mafundi wamejaa vumbi jeupe kama wasaga unga, na katikati yao Bikira Maria wa marumaru amempakata Yesu aliyeshushwa msalabani, nakala ya ile sanamu maarufu ya Roma. Moyo ukamruka. Nakala? Nani kasema nakala?

"Nipe nikaiuze Njombe," akamwambia Alois.

"Acha pikipiki yako hapa. Ukileta hela, unaichukua. Jumapili misa ikiisha hujaleta, ni yangu."

Tarsis hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya pikipiki ile, lakini tamaa haina breki. Akaiacha, akaipandisha sanamu kwenye lori la viazi.

Kesho yake alikuwa sebuleni kwa Mama Conjesta, mjane mwenye malori ya mbao, ambaye kanisani hukaa benchi la mbele ili wa nyuma wamwone.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina."

Tarsis akashusha sauti. "Mama, hii ndiyo yenyewe. Iliyobaki Roma ni nakala, wazungu wanaipiga picha bure. Nimekuletea wewe tu."

Mama Conjesta akaizunguka, akaipapasa mikono ya Bikira Maria. Vidole vinene, kidole gumba kimepinda. Akaguna.

"Yenyewe kabisa, mwanangu. Njoo Jumapili baada ya misa, uchukue chako."

Jamani, kumbe mjanja naye huota mchana!

Jumapili Tarsis akakuta ua umejaa: akina mama wa jumuiya na vitenge vya sare, kwaya, na padre na maji ya baraka. Kabla hajafungua mdomo, padre akainyunyizia sanamu maji. Vigelegele!

"Tumshukuru ndugu yetu Tarsis," Mama Conjesta akatangaza, "aliyeitolea jumuiya yetu sanamu hii!"

Tarsis akamsogelea, jasho likimtoka katika baridi ile. "Mama, na hela yangu?"

"We! Kitu kilichobarikiwa kinauzwa? Nimwite padre umuulize?" Kisha akamnong'oneza, "Halafu mikono ile ni ya Oktavia, mdogo wangu, mke wa Alois. Kidole kile alikipinda kwa jembe tukiwa wasichana."

Nje pikipiki ikanguruma, na mngurumo ule Tarsis aliujua hata usingizini. Alois alikuwa amekuja kula pilau, mkewe kakaa nyuma. Oktavia akampungia Tarsis mkono kwa furaha, kidole gumba kimepinda vilevile.