Mzee Bati Anakwenda Miyuji

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Upepo tangu alfajiri. Vumbi kwenye chai, vumbi kitandani, vumbi hata ndani ya soksi ninazouza. Wateja hakuna. Nimefungua robota la nguo za watoto, la mwisho lililobaki, nikitarajia masweta. Nimekuta kaptula zisizo na vifungo. Katikati ya kaptula, mfuko wa nailoni uliopasuka, na ndani vitofali vya plastiki! Vidogo kama karanga, vya kijivu na bluu, vinanasana bila gundi. Pamoja navyo kijitabu kisicho na neno hata moja, picha tupu. Picha ya mwisho imenikalisha chini. Mzee Bati!

Mzee Bati ni roboti wa sinema iliyooneshwa hapa Majengo mwezi Mei, kwenye banda la video. Jina tulimpa wenyewe. Anambeba yatima mgongoni jangwani, anamfikisha kwenye maji, kisha anazimika. Mke wangu Zuleha alilia siku mbili. Mimi nikamcheka. Nikamwambia analilia sufuria. Akajibu kuwa sufuria lile lina huruma kunizidi. Neno likazaa neno, na kwa mdomo wangu huuhuu nikampa talaka. Moja tu! Tarehe 20 Mei. Tangu siku hiyo yuko kwao Miyuji, pembeni mwa mji huuhuu, anakaa eda, kwa mama yake, Bi Sabiha.

Kwa talaka moja mtu anaweza kumrejea mkewe, mradi eda haijaisha. Eda ni miezi mitatu. Nimetazama kalenda ya ukutani: 20 Agosti. Zimebaki siku kumi na nane, zinatosha na chenji. Nitamjenga Mzee Bati, nitampelekea Zuleha, atarudi. Nimechoka kula ugali wa jana peke yangu.

Jumatano, 4 Agosti

Kichwa kimesimama. Kifua kimesimama. Usiku sikulala, kijitabu kina picha zaidi ya sitini na mchoraji hakuwa na huruma.

Dada yangu mkubwa, Mwajabu, anayekaa chumba cha uani, amenikuta sakafuni akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamweleza mpango. Akasema hakuna haja ya mdoli. Neno "nimekurejea" linatosha, nitafute mashahidi wawili niliseme leo hii, hata barazani kwa muuza kahawa, halafu niende Miyuji nikaombe radhi. Rahisi kusema! Mkono mtupu haulambwi. Akaanza habari za hesabu ya eda, eti si ya kalenda, nikamuulize maalimu. Nikamwambia nina hesabu yangu inayonitoa jasho: mguu wa kulia umepungukiwa vitofali kumi na moja, na jicho jekundu halipo.

Kesho anakwenda Miyuji kumjulia hali mkwe. Nimemtuma aseme maneno haya tu: Abdulnasiri anakuja na roboti.

Ijumaa, 6 Agosti

Mwajabu amerudi na habari njema. Bi Sabiha aliposikia nakuja na nini alipiga vigelegele! Akawaita na majirani. Sikujua kama mama mkwe anampenda Mzee Bati kiasi hicho. Miaka kumi na miwili yule mama hajawahi kunipigia hata makofi.

Zuleha je? Mwajabu anasema alikuwa anachambua mchele, akauliza kitu kimoja tu: nakuja lini. Nimefurahi. Anayeuliza lini anataka kuona zawadi.

Nimekumbuka pia mguu ulikokwenda. Wiki iliyopita, kabla sijalifungua lile robota, lilikuwa limechanika pembeni. Mzee Bartolomayo wa Kongwa alichomoa suruali mbili hapo, na nilimwona akitia kitu mfukoni. Nilidhani vifungo.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimerudi kutoka Kongwa. Bila saa, bila mkanda, nimeshika suruali kwa mkono njia nzima.

Jana nilifika kwa Mzee Bartolomayo saa nne. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kwa Mbukwa, salamu ya Kigogo, na uji wa ulezi. Mtu mwema. Vitofali vyangu vyote kumi na moja vilikuwa kwenye bao lake! Kete zake za zamani ziliharibika, anasema hizi za plastiki zinateleza vizuri, kijiji kizima kinamwonea wivu. Nikaomba kununua. Akasema kete hazinunuliwi, kete zinachezewa. Nami nilikuwa bingwa wa bao Majengo mwaka wa themanini na moja, au wa pili wake.

Mchezo wa kwanza amenifunga kabla uji haujapoa. Wa pili nikaweka saa. Wa tatu nikaweka mkanda. Watu walikuwa wanatoka kwenye sherehe za Nane Nane wakasimama kunitazama. Jua likazama, basi likaondoka. Mkewe, Mama Dorkasi, ndiye aliyenihurumia. Akamwambia mumewe amrudishie mgeni kokoto zake. Mzee akauliza nazitakia nini. Nikasema ni mguu wa kumrudishia mke wangu. Akauliza mke wangu yuko wapi. Nikasema Miyuji. Akasema mbona nimekuja Kongwa.

Sikupenda ule utani. Lakini mguu ninao!

Jumatano, 11 Agosti

Limebaki jicho. Na jicho nimeliona. Liko kwa Harithi!

Harithi ana duka la vitenge jirani na meza yangu. Mjane, mpole, anaswali swala tano, ananiudhi. Kila asubuhi ananiuliza habari za nyumbani kwa sauti ya msibani. Redio yake ilipoteza kitufe cha sauti, naye amekibandika kitofali chekundu alichokiokota mbele ya meza yangu. Nimemwomba. Amesema kwa upole kuwa redio haina kitufe kingine. Nikampa soksi jozi tatu. Amesema ana soksi.

Basi nitakitwaa. Adhuhuri anakwenda msikitini, duka analiacha na pazia tu.

Alhamisi, 12 Agosti

Aibu. Nimeingia wakati wa swala. Redio ilikuwa inanong'ona. Nikakishika kitufe, nikakizungusha ili kiachie, kikaachia. Sauti ikapanda mpaka mwisho, na kitufe kimo mkononi mwangu! Yalikuwa matangazo ya vifo. Marehemu wa Singida, marehemu wa Manyoni, ndugu na jamaa popote walipo, soko zima linasikia. Kurudisha kitufe siwezi, gundi imebaki upande wa pili. Waumini wametoka msikitini mbiombio wakiniuliza nani kafa. Mzee mmoja alinipa pole.

Harithi akachomoa waya ukutani. Hakunigombeza, hilo ndilo lililonichoma. Akanyoosha mkono, nikamrudishia jicho mbele ya watu. Mwajabu amesikia kabla sijafika nyumbani. Amelia, akaniambia niende Miyuji leo, hata hivi nilivyo. Nimemwambia Mzee Bati mwenye jicho moja atamtisha Zuleha.

Jumanne, 17 Agosti

Ajabu! Harithi ameniletea jicho mwenyewe. Amelifunga kwenye karatasi, akasema amenunua redio nyingine, hataki kinyongo na mimi, nimsamehe kama kuna lolote. Ameniogopa. Nimelipokea bila kumkaribisha kiti.

Nimelibandika. Mzee Bati amekamilika, urefu wake shibiri moja, mikono inakunjika, kichwa kinageuka. Nimemtazama mpaka machozi yakanitoka. Zuleha alikuwa na haki ya kulia. Kesho nitamwambia hilo pia. Ni tarehe 18, nina siku mbili za ziada. Nani anasema mimi ni mzembe?

Jumatano, 18 Agosti

Naandika kwa taabu.

Nimekwenda Miyuji kwa kanzu nyeupe, Mzee Bati ndani ya boksi la viatu. Uani kwa Bi Sabiha wamejaa wanawake, kumi na zaidi, kila mmoja na kapu lake. Nikasema moyoni, mapokezi hayo! Bi Sabiha akachungulia barabarani nyuma yangu. Akauliza mkokoteni uko wapi. Nikauliza mkokoteni wa nini. Wa kubebea robota, akasema. Si niliagiza kuwa nakuja na robota? Majirani wamesubiri wiki mbili, wameacha kununua nguo za Maulidi ili wachague kwanza.

Nikafungua boksi.

Wakainama wote kuchungulia. Kisha mama mmoja akauliza kama gauni liko chini yake. Nikawaeleza: si robota, ni roboti. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja na makapu yao, na wa mwisho akafyonza.

Nikajikaza. Zuleha alikuwa amesimama mlangoni, amekonda. Nikamwambia mbele ya mama yake: Zuleha, nimekurejea. Bi Sabiha akasema nimechelewa. Eda imekwisha tangu siku ya Nane Nane. Nikatoa tarehe zangu, 20 Mei, 20 Agosti. Akaniambia eda ya mwanamke anayepata hedhi huhesabiwa kwa twahara zake tatu, si kwa kurasa za kalenda, na kwamba kila mtoto wa chuoni anajua. Sasa Zuleha si mke wangu. Nikimtaka ni posa mpya, mahari mapya, na ridhaa yake. Na posa moja imeshatangulia, ya juzi Jumatatu. Ya Harithi. Amesubiri eda iishe kama mtu wa dini, ndipo akatuma wazee.

Siku ya Nane Nane nilikuwa Kongwa nafungwa bao.

Zuleha akamchukua Mzee Bati akamgeuza. Akasema mkono wa kushoto nimeuweka kinyume. Akauchomoa, akaurudisha sawasawa. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, kwamba miezi yote hiyo kila mlango ulipogongwa alisimama. Alikuwa anasubiri neno moja. Angerudi hata kwa miguu. Akamlaza Mzee Bati kwenye boksi, akafunika, akanipa.

Nimelia njiani waziwazi, watu wakinitazama. Nampenda Zuleha. Sijawahi kuliandika hili popote, na kwake sijawahi kulisema.

Jumapili, 22 Agosti

Siku tatu sikufungua meza. Nimelala nikitazama dari. Uji wa Mwajabu nimeuacha ukaganda.

Leo Mwajabu ametoka Miyuji, ameingia bila hodi. Zuleha hajamjibu Harithi. Atawajibu wazee wake Ijumaa baada ya swala. Amemtuma kwangu, na Mwajabu amelirudia mara mbili ili nisikosee: kama nina neno la kumwambia, niende kabla ya Ijumaa, mwenyewe, mikono mitupu, nikae uani niliseme.

Nimeruka kitandani! Bado kuna nafasi! Nimenawa uso, nimekula uji wote, na akili imerudi. Sasa naona kosa lilikuwa wapi. Alikuwa mdogo! Shibiri moja! Roboti wa shibiri moja nani asimchanganye na robota? Mzee Bati wa kweli alikuwa na kimo cha mtu. Nimeshakwenda kwa fundi bati, tumepatana, urefu futi sita, mgongoni kiti cha kumkalisha Zuleha. Fundi anasema Ijumaa atakuwa amemaliza mwili, ila rangi itataka siku mbili kukauka.

Nimemtuma Mwajabu arudi Miyuji, awaombe wasogeze jibu mpaka Jumapili. Amekaa kizingitini, amejishika kichwa, hataki kwenda. Simwelewi. Ni siku mbili tu.