Kuku Aliyekatisha Sala ya Jumuiya

Wapendwa, leo nimeaibika mbele ya jumuiya nzima. Na sijutii.

Mnanijua, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Igowole. Juzi mke wangu alikuwa anajisifia mchuzi wake mbele ya wenzake, nami nikaropoka kwamba mchuzi wa viungo hauna ufundi wowote. Akasema sawa, Jumamosi yeye anakwenda jumuiya, akirudi akute nimepika. (Mdomo wangu huu!)

Sikutaka kubahatisha. Nilipokwenda Iringa mjini kununua vyuma, nikapita kwa mama mmoja wa Kihindi anayeuza viungo. Akanifungia bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili kavu. Akanielekeza nivikaange kwanza bila mafuta, ndipo nitwange. Akasisitiza nifungue madirisha.

Sasa jamani, nani anafungua dirisha Igowole na ukungu huu? Nikafunga mpaka mlango. Nilipokata vitunguu vikaanza kuniliza, nikavaa miwani yangu ya kuchomelea, ile nyeusi ya duara. Kanga ya mke wangu nikaifunga kiunoni nisichafuke, nyingine nikajitanda kichwani hadi puani (baridi, wapendwa). Nikawasha gesi, nikamwaga viungo vyote kwenye kikaango, pilipili zikiwemo.

Nyumba yetu ya kupanga haina dari. Kuta zinaishia njiani, paa ni moja. Na jumuiya leo ilikuwa sebuleni kwa mwenye nyumba, Mama Tomasi, upande wa pili wa ukuta. Hilo sikulifikiria.

Nikasikia wanasali. Nikasikia mmoja anakohoa, kisha wawili, kisha vilio. Mwenyekiti wao akapaza sauti kwamba Roho ameshuka. Nami huku nikaitikia "Amina", nikaendelea kukoroga.

Mara sala ikakatika. Viti vikaburutwa, watu wakakimbilia uani. Mlango wangu ukagongwa.

"Baba Neema, unachoma nini humo?" Alikuwa Mama Tomasi.

"Napika kuku."

"Kuku gani analiza watu wazima?"

Nikafungua. Moshi ukatangulia, nami nikafuata: kanga mbili, miwani nyeusi, mwiko mkononi. Jumuiya nzima imejiinamia uani, macho mekundu, kamasi zinatiririka. Nikawasalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Mama Tomasi akamgeukia mke wangu.

"Huyu si mumeo?"

Mke wangu akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Simfahamu," akasema.

Hapo ndipo walipocheka, na kicheko cha mtu anayekohoa ni kibaya sana. Mwenyekiti ilibidi akae chini kabisa.

Walitegemea nizime gesi nikajifiche. Thubutu. Nikarudi ndani, nikafungua dirisha (nimeelewa), nikatwanga viungo vyangu, nikakaanga vitunguu na nyanya, nikamtia kuku wa kienyeji na kumpa muda wake. Harufu ya safari hii haikumkimbiza mtu. Sala ilishaisha zamani, lakini nikichungulia uani naona bado wapo, wanaagana, hawaondoki.

Mke wangu alikula. Akaongeza ugali, akaufuta mchuzi hadi sahani ikang'aa. Ndipo akanitambua.

"Siku nyingine upikie nje."

Chekeni mnavyotaka. Mimi nimesikia "siku nyingine".