Anayekwangua Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Kazi nimepata! Nusu. Nusu nyingine kapewa wifi yangu, dada wa mume wangu, yule mwenye mdomo kama mkasi. Boti ya matanga, ya mbao, imepandishwa nchi kavu na kuegemezwa magogo. Tukwangue rangi kuukuu tumboni, kule kunakokaa majini. Mimi kushoto, yeye kulia. Atakayefanya vizuri anaajiriwa moja kwa moja pale karakana. Mmoja tu! Nimechoka vibarua vya leo upo kesho haupo. Kazi ile yangu.

Msimamizi kasema tulowanishe kwanza, vumbi lake sumu. Na tukifika kwenye mbao, tuache hapo hapo. Nikasema ndiyo bosi. Kichwani natafuta namna ya kumshinda wifi bila kutoka jasho.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mbinu: umbea. Wifi akisikia umbea mikono inasimama, namjua. Boti imetukinga, hatuonani, nasikia tu skrepa yake, kile chuma cha kukwangulia: kwaru, kwaru. Nikamrushia habari ya muuza dawa na mke wa fundi viatu. Nikifika pazuri, kule kimya. Nikinyamaza, mbao zinagongwa mara mbili: endelea! Nikacheka peke yangu. Kanasa!

Jioni nikazunguka nichungulie. Lo! Bluu imetoka, nyekundu imetoka, kijani ya chini yake ndo inamalizikia. Mimi nimekwangua eneo la sinia. Mdomo umenikauka bure. Na wifi mwenyewe kaondoka bila hata kuaga. Jeuri hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimempitia wifi kwake asubuhi nimchokonoe. Namkuta kalala, jino limemvimbisha uso. Eti jana hakutoka kitandani kutwa nzima. Shemeji, mumewe, naye akashuhudia. Wakaniuliza mbona nimepauka hivyo. Nikasema jua.

Sasa jana nilikuwa nampigia nani stori?

Nikarudi karakana, nikasimama upande wangu. Kimya. Nikakohoa kidogo. Kule kukagongwa mara mbili. Nikainama nichungulie miguu chini ya boti. Miguu hakuna. Maganda ya rangi tu yanadondoka taratibu, mabichi, kama kuna mtu anayalowanisha vizuri alivyoagiza Msimamizi.

Nikataka kukimbia. Halafu nikawaza: ila huyu anajua kazi jamani!

Nikakaa kwenye ndoo, nikaendelea na fundi viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi karudi, shavu kama puto. Kabla hajauona upande wake, nikamdaka mlangoni. Nikamwambia wifi yangu kipenzi, kulia kuna jua kali, mgonjwa hafai jua, tubadilishane. Akauliza nimeanza lini kumpenda. Nikasema tangu siku ile nilipoolewa kwao. Akacheka, akashika jino, akakubali. Mjinga yule!

Nikaenda kulia, nikaegemea, nikaanza stori kwa sauti ya chini. Sasa kwaru kwaru inatoka ndani ya boti. Nilitaka kuhama, lakini rangi si inabanduka yenyewe? Wifi akapiga kelele kutoka kule kwamba leo nina mkono mzito, skrepa yangu inasikika mpaka kwenye jino lake. Nikamwambia ndo kujituma huko.

Skrepa nilikuwa sijaishika.

Ijumaa, 7 Machi

Upande wangu safi, mbao tupu kila mahali. Najua, najua, tuliambiwa tuache. Lakini sikuwa nimemaliza ya fundi cherehani na yule mdogo wake, na nikinyamaza kunagongwa kwa nguvu, boti nzima inatetemeka. Sasa mtu ukatize utamu? Nikaongea mpaka wa kufunga geti akaja. Na huko ndani kwaru, kwaru, haichoki.

Jumamosi, 8 Machi

Ukaguzi. Msimamizi kapitisha kiganja upande wangu, kasifu: laini kama shavu la mtoto! Nikamkonyeza wifi. Kisha akabonyeza kwa kidole. Kidole kikazama. Ubao umekuwa mwembamba kama karatasi, mwanga unapenya mpaka ndani. Na ndani hakuna mtu.

Nikadhani atafoka. Hakufoka. Akaniuliza polepole nilikuwa naongea na nani. Nikasema naongeaga peke yangu. Akarudi nyuma, akaniambia niende, nisimguse, nisiguse kitu.

Kazi kapewa wifi! Na jino lake! Kakwangua kidogo kidogo, kalowanisha, kaacha alipoambiwa. Kakosa ubunifu kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Mchana baada ya chakula nimejilaza chumbani. Ukutani: kwaru, kwaru. Baba Watoto kasema panya. Panya gani anagonga mara mbili? Ganda la rangi likadondoka kwenye mto niliolalia. Bichi.

Niliogopa, sikatai. Kama dakika hivi. Halafu nikaona hii bahati. Nyumba yenyewe ya kupanga, rangi ya tangu enzi hizo. Nimeshamwambia jirani atangaze: mwenye ukuta wa kukwanguliwa aniite mimi, wala sitimui vumbi. Wifi abaki na boti zake!

Shida moja tu, umbea wa mtaani umeniisha. Huko ukutani kunagongwa tena, kwa haraka. Baba Watoto kashapitiwa na usingizi, kichwa kakiegemeza ukuta ule ule. Nikavuta kigoda karibu, nikashusha sauti, nikaanza habari zake.