Sindano Kwanza au Damu Kwanza

Pa! Pa! Pa!

Kabla hujauona mlango wetu utausikia muhuri. Wananchi walioketi kwenye mabenchi ya korido huusikia wakatulia, kwani muhuri ukilia, Serikali iko macho.

Ni fahari yangu, mimi Katibu, kutangaza kwamba Kamati Maalumu ya Kuamua Kipi Kitangulie imetimiza miezi saba. Tulikabidhiwa swali moja zito: mtoto asiye na kadi ya chanjo apewe chanjo ya nyongeza moja kwa moja, au apimwe damu kwanza ijulikane kama tayari ana kinga? Zamani swali hili lilijibiwa na muuguzi, tena amesimama, kwa nusu dakika. Hatari yake unaiona mwenyewe.

Tangu tuanze kazi, hakuna mtoto aliyelia kwa sindano katika kituo hiki. Ni kweli hakuna aliyechomwa, lakini takwimu ni takwimu.

Watoto wasio na kadi ni wengi, maana kadi zote tulizikusanya kwa uhakiki. Ziko mahali salama. Pia tumebandika ukutani Waraka Namba Moja: yeyote atakayekaa chumba hiki zaidi ya saa moja athibitishe kinga yake kwa kadi. Mwenyekiti aliutia saini mwenyewe, kwa wino wa kijani.

Ijumaa iliyopita aliingia mama mmoja, fundi cherehani, tepu ya kupimia ingali shingoni, kamshika mkono bintiye wa miaka sita. Kwenye fomu mtoto anaitwa Mhusika. Mama yake anamwita Chiriku, na hatukuchelewa kujua sababu.

"Mbona meza yenu ina kiatu mguu mmoja tu?"

"Nyamaza wewe. Salimia wakubwa."

"Shikamooni."

"Marahaba," tuliitikia kwa kauli moja. Lilikuwa jambo la kwanza kamati kukubaliana.

"Mheshimiwa," mama akaanza, "shule inafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu kasema bila dozi ya pili ya surua nisimlete. Na mtoto wa jirani, ukuta kwa ukuta, kalala na surua tangu juzi. Leo ni mara yangu ya nne hapa."

"Mara ya nne," alisema Mwenyekiti, akitabasamu. "Huo ndio ushirikishwaji wa wananchi. Wajumbe?"

"Sindano kwanza!" alisema Mjumbe Mnene.

"Damu kwanza!" alisema Mjumbe Mwembamba. "Tukimchoma naye ana kinga, tumepoteza chanjo."

"Tukimpima naye hana, tumepoteza damu."

"Damu ni yake."

"Na mkono ni wa nani, wako?"

Muuguzi alikuwa mlangoni na kisanduku chake cha baridi. "Wazee wangu, asiye na kadi anachanjwa tu. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto. Surua haisubiri akidi."

"Muuguzi," alionya Mwenyekiti, "usituingizie utaalamu kwenye mambo ya kitaalamu."

Mwenyekiti akakata shauri mwenyewe. Iliazimiwa kwamba Mhusika apimwe kama anahitaji kupimwa, kwa kipimo kitakachoagizwa, na mama aambatishe kadi.

"Kadi mnayo nyinyi!" mama akapaza sauti. "Mliichukua hapahapa, kwa mikono yenu!"

"Basi haiko mbali," nilimtia moyo.

Macho yakamjaa machozi. Akayapangusa kwa ncha ya tepu.

"Mama! Paka wangu!"

Sauti ilitoka chini ya meza. Hapa nifafanue. Meza ya Mwenyekiti ina mguu mmoja mfupi, na muhuri wa Serikali haupigwi juu ya kitu kinachoyumba. Kwa hiyo kadi zinazosubiri uhakiki zilipewa jukumu la muda. Ya juu kabisa ilikuwa na paka wa kalamu pembeni, mwenye miguu sita.

"Nilimchora mimi, mama akanigombeza!" alisema Chiriku, akaivuta.

Meza ikainama. Mafaili yakateleza, chai ikafuata, na muhuri ukamshukia Mwenyekiti pajani. Pa! Suruali yake ya kijivu ikasomeka IMEHAKIKIWA.

Muuguzi aliiokota kadi, akaisoma hapohapo. "Dozi ya kwanza ipo. Ya pili haipo. Njoo, mwanangu."

Chiriku alisema "Aa!" mara moja. Muuguzi akaandika tarehe, akamkabidhi mama kadi yake. Mama aliishika kwa mikono miwili, hakuthubutu hata kuitia mkobani. Shughuli nzima haikumaliza dakika.

Ndipo Muuguzi akautazama Waraka ukutani.

"Mheshimiwa, humu ndani una miezi saba. Kadi yako?"

"Mimi... mimi nilizaliwa kabla ya kadi."

"Saini hii si yako?"

"Ni yangu. Lakini ilikuwa ya wananchi."

"Suruali imehakikiwa, naiona. Mkono je? Sindano kwanza, au damu kwanza?"

Mwenyekiti akawageukia wajumbe wake, kama mtu anayetafuta ngazi. Mjumbe Mnene akamtazama Mwembamba. Mwembamba akautazama mguu wa meza.

"Vyote viwili," walisema. Na kwa mara ya pili katika historia yake, kamati ikapitisha jambo kwa kauli moja.

Mwenyekiti akakunja mkono wa shati polepole, kifungo baada ya kifungo, na jasho likimtoka. Chiriku alivuta kiti, akapanda, akakaa karibu naye.

"Inauma?" Mwenyekiti alinong'ona.

"Kama siafu."

"Wangapi?"

Chiriku akafikiri. "Mmoja. Ila mkubwa."

Mwenyekiti akafumba macho. Mimi, kama ilivyo wajibu wa Katibu, nilishafungua ukurasa mpya wa kumbukumbu.

"Nishike mkono, babu," alisema Chiriku. "Ukilia, sitamwambia mtu. Nakuahidi."